Nia ya Skolastika

Jumuiya ilisali nyumbani kwa Skolastika alasiri ile, maana ilikuwa zamu yake. Ulipofika wakati wa kutaja nia za maombi, mmoja aliombea mtihani wa mwanawe, mwingine safari. Skolastika akasema, "Mniombee niweze kuosha sufuria."

Wanawake wakacheka. "Mama Edna, sabuni imekuishia? Sema tukuchangie!" alisema jirani yake, Mama Jenista.

"Sabuni ipo. Ugali umegandia humo tangu Jumapili. Kila asubuhi nasali, naijaza maji, halafu nakaa chini. Mikono inakataa."

Kicheko kikakatika. Mzee Fulgensi, mwenyekiti, alifungua kitabu, akakifunga. "Basi tuiombee na sufuria."

"Twakuomba utusikie," waliitikia, kwa sauti ndogo kuliko ile ya mtihani.

Baada ya amina, Mama Jenista alielekea jikoni. "Niachie niioshe mimi."

"Hapana, dada. Ukiiosha wewe, sitajua kama Mungu amenisikia."

Walipoondoka, Skolastika aliketi mbele ya sufuria, akakunja mikono ya gauni. Maji yalikuwa ya baridi. Akatumbukiza kidole kimoja, akangoja.