Mtihani wa Kazi ya Mama

Kidato cha nne, mtihani wa somo la kompyuta ni mmoja: andika programu itakayofanya kazi ya mzazi wako. Ikifaulu, wewe unaendelea na masomo, mzazi anaachishwa kazi.

Mama yake Nakijwa hupokea simu za wagonjwa hospitalini. Aliijaribu programu ya binti yake, akakunja uso.

“Mbona inauliza ugonjwa kabla ya salamu? Haina adabu hii.”

“Nimeacha salamu makusudi, mama. Ikifeli, utabaki na kazi yako.”

“Na wewe ubaki na nini? Andika, usinichoshe.”

Akaanza kutamka polepole anavyowasalimu wazee, wajawazito, watoto wanaolia. Nakijwa akaandika. Salamu ya mwisho alimwomba mama airudie, ingawa alikuwa ameisikia vizuri.