Gitaa la Elkana

Kidole cha pete kiligoma tena. Mzee Olima alikivuta kwa mkono wa kulia, akakibandika juu ya uzi kilipotakiwa kuwa, akapiga. Gitaa likatoa mlio wa bati linaloburutwa. Mbuzi aliyekuwa amelala kivulini aliinuka, akahama.

"Huyo naye amechoka," alisema mkewe, Abonyo, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo wa maharage.

"Wimbo utakaa tu, Mama Elkana."

"Utakaa ukiacha kuukimbiza. Na hapo katikati unapanda, wakati wenyewe unashuka."

Olima akashuka. Kweli, pakawa na nafuu. Hakushangaa. Mama gani angesahau wimbo wa mwanawe?

Gitaa hilo la mtumba alilinunua Sirari baada ya mavuno, na tangu hapo kila alasiri, akitoka shambani, alikaa nalo nje ya nyumba yake pale kijijini, Tarime. Majirani walicheka mpaka wakachoka. Mzee wa kanisa mzima, mvi kichwani, amekumbatia gitaa kama mtoto mwenye homa! Wengine walimuuliza atapiga lini kwenye harusi. Ncha za vidole zilimchubuka, zikapona, zikaota sugu, naye akaendelea kujikongoja, uzi kwa uzi. Hakuwa na ndoto ya harusi ya mtu. Alikuwa akitubu.

Gitaa la kwanza alilivunja mwenyewe. Siku hiyo alirudi mapema kutoka mnadani, akasikia wimbo ukitoka kwenye simba ya Elkana, ile nyumba ndogo anayojengewa kijana wa Kijaluo karibu na lango la boma. Baba haingii ndani ya simba ya mwanawe. Huo ni mwiko, na Olima, pamoja na Biblia yake kwapani, mwiko huo aliushika sawasawa. Basi akasimama uani, hasira zikimpanda. Mtihani wa kidato cha nne umekaribia, na kijana amejifungia na muziki wa baa.

"Niletee hilo gitaa hapa," alinguruma.

Wimbo ukakatika katikati. Lakini Elkana hakutokea mlangoni. Alikuja mbio kutoka zizini nyuma ya nyumba, anahema, mikono imejaa samadi. Kumbe kijana ameruka dirishani, akajipaka mavi ya ng'ombe ili aonekane alikuwa kazini. Ujanja huo ndio uliomtia baba yake wazimu.

Elkana aliutazama mlango wa simba, akamtazama baba yake. Akaingia ndani, akatoka na gitaa.

"Ni langu, baba. Nisamehe."

Olima alilipasua kwa mpini wa shoka mbele ya macho yake. Abonyo alionekana baadaye sana, macho mekundu, akaviokota vipande vyote mpaka vibanzi. Wiki nzima alipika na kupakua bila neno, na Olima akajisemea kwamba ndivyo walivyo akina mama, huwatetea watoto hata wakikosa.

Mtihani ulipokwisha, kijana alivuka mpaka akaenda kwa mjomba wake Migori. Baadaye akapata kazi ya upishi katika kambi moja ya watalii upande wa Natta. Alituma salamu, alituma sukari, akamtumia mama yake vitenge. Yeye mwenyewe hakuja. Nyasi za paa la simba zilioza, na kila Olima alipopita hapo aliinamisha kichwa kama mwizi. Nafsi ilimsuta mezani, ikamsuta kanisani, ikamfuata hadi shambani. Neno "nimekosa" lilikuwa halijazoea kupita kinywani mwake. Akaona heri aliseme kwa vidole, kwa wimbo uleule, mpaka pale alipoukata. Mbele ya hapo hakuujua.

Elkana alikuja Jumamosi moja, mrefu kuliko alivyoondoka, begi begani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaa hapo."

Hakumwacha hata anywe maji. Alilichukua gitaa, akaanza. Alijikwaa mwanzoni, akarudia. Palipotakiwa kushuka, akashuka. Elkana alikuwa ameinamisha uso, na Abonyo alikuwa amesimama mlangoni na birika la uji, hamimini wala hasogei. Olima aliufikisha wimbo pale ulipokatika siku ile, akanyamaza.

"Ni hapa nilipokukatiza," alisema. "Nilikukosea, wuoda. Nilikukosea sana, mwanangu. Hili ni lako sasa. Chukua, unimalizie."

Elkana hakunyoosha mkono. Alimtazama mama yake kwa muda mrefu, kisha akamgeukia baba yake.

"Baba, mimi gitaa sijui kupiga," alisema polepole. "Sijawahi kujua."

Abonyo akaliweka birika chini, akafuta mikono kwenye kanga. Alilitoa gitaa mapajani mwa mumewe, akakaza uzi mmoja ambao muda wote huo ulikuwa umelegea bila Olima kujua, na akauendeleza wimbo kutoka pale alipokatizwa.