Nyumba ya Kuzeekea Mkunya

Sinki liling'olewa tena, likashushwa. Fundi Mujibu alilitazama, akaguna.

"Mzee Fortunatus, kwa urefu wako huu, si utanawa umepiga magoti?"

"Uzee unafupisha watu," alidakia Yasinta, mkewe, kabla mwenyewe hajafungua kinywa.

Fortunatus akacheka. Acha ashushe anachotaka, raha ya uzeeni ni ya mwenye nyumba. Bwana shamba mstaafu huyu alikuwa ameapa hatazeeka ovyo kama wazee wenzake wa Newala, wanaokwenda msalani kwa kupapasa kuta. Yeye angezeeka kitaalamu! Vyumba sita, ngazi hakuna, milango ya kupitisha kiti cha magurudumu, vyuma vya kushikia bafuni, na tangi la maji ya mvua kubwa kuliko darasa. Mafao yote yalimezwa na msingi, korosho za misimu miwili zikaishia kwenye paa. Bajeti aliichora mwenyewe kwa rula, na kila mwezi aliichora upya. Mtaalamu, bwana.

Ukweli ni kwamba aliogopa. Aliogopa siku atakayoshindwa kunyanyuka, na wa kumnyanyua asiwepo.

Kiwanja walitoa wajomba zake Yasinta, pale kwao Mkunya. Cha bure, nani akikatae?

Kuta zilipofika kwenye linta, mama yake Yasinta alianguka huko Makote, akaumia nyonga. Yasinta akamwangukia mumewe.

"Baba Pendo, mama hana wa kumshika mkono. Nyumba ikiisha tumchukue, vyumba vipo."

"Mama Pendo, una akili kweli? Nilale chini ya paa moja na mama mkwe! Watu wataniona wa wapi? Anapolala mkwe, mkwe mwenzie hapalali. Mila hiyo, sikuitunga mimi."

Mila! Mtu aliyekuwa hajui hata siku ya kuwatoa wali jandoni, leo ndiye mlinzi wa mila.

"Sawa," alisema Yasinta, wala hakulirudia tena. Fortunatus akamsifia kila kilabu: mke akielezwa, anaelewa. Tangu hapo Yasinta aliomba vitu vidogo tu. Swichi zishuke. Vitasa vishuke. Kitanda cha chumba kikubwa kikatwe miguu.

Siku ya kuhamia, Fortunatus alikwenda Masasi kufuata mito ya kulalia, ile laini ya kutunza shingo. Aliporudi jioni aliwakuta wajomba wote wamejaa barazani, wanakula pilau. Akawapa mkono, akapita kifua mbele, akaufungua mlango wa chumba kikubwa.

Kitandani alikaa bibi mfupi, nyayo zimetua sakafuni barabara, mkono umeshika chuma cha ukutani. Kando yake Yasinta alikuwa anamkunjia nguo kabatini.

Fortunatus alijifunika uso kwa mto. Akarudi kinyumenyume, ukumbi mzima, baraza nzima, mpaka uani, kama inavyompasa mkwe aliyefundwa. Wajomba walitikisa vichwa kwa kuridhika. Hakuna aliyemzuia.

Akachuchumaa mchangani, chini ya dirisha, macho chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," sauti ikaitika kutoka ndani, imejaa upendo. "Uwe unapitapita kututembelea."