Mawaridi ya Mkurugenzi

Kubanych, muuza vifuniko vya chupa, aliingia ofisini kwa mkurugenzi wa kiwanda cha maziwa cha Bishkek amekumbatia mawaridi. Mkataba wake na kiwanda hicho ulikuwa unakaribia kwisha.

"Mkurugenzi, kampuni yetu inataka uhusiano wa kudumu na wewe," alisema, miba ikimchoma viganja.

Mama yake mkurugenzi, aliyekuja kumtembelea bintiye, aliweka bakuli la chai chini. "Hatimaye! Miaka yote hii mwanangu mjane! Haya baba, wazee wako wanaleta posa lini?"

"Mama, haya ni ya kikazi tu," Kubanych alijitetea.

"Kazi gani ya mawaridi mekundu? Acha aibu!"

Kubanych alimgeukia mkurugenzi amwokoe. Mkurugenzi alikuwa ameyainamia maua, akiyanusa, uso umemwiva.

"Waje Jumamosi, mama," alisema. "Jumapili nina mkutano."