Anayelala Begani

"Nane," alisema fundi cherehani kabla hata hajaketi. "Leo ni nane, daktari. Juzi ilikuwa saba."

Mtaalamu wa viungo aliandika kwenye daftari: maumivu ya shingo, nane kwa kumi, akajikuna kichwa kwa ncha ya kalamu. Wiki tatu alimwekea taulo la moto. Wiki tatu nyingine alimkanda kwa mikono mpaka vidole vyake mwenyewe vikafa ganzi. Tatu za mwisho zilikuwa za kunyoosha shingo, taratibu, pumzi ndani, pumzi nje. Alikuwa amejiapiza kujua ni tiba ipi inayozishinda nyingine. Taulo lilimpa mama huyu nafuu ya saa moja. Kukandwa, nafuu ya siku mbili. Kunyoosha, nne. Kisha maumivu yalirudi kama mwenye nyumba.

Wala si shingo yote. Upande wa kushoto tu.

"Cherehani haiumizi upande mmoja," alisema mtaalamu. "Unabeba nini begani?"

Mama akamtazama mumewe. Mume huyo, mwashi mwenye viganja vilivyochubuliwa na saruji, alimsindikiza kila mara na kuketi kimya pembeni, kofia magotini.

"Mtoto," alijibu mama. "Hasinzii mpaka alaze kichwa hapa."

"Ana umri gani?"

"Mwaka na nusu."

Mtaalamu alifungua ukurasa wa kwanza ili aongeze hilo. Kumbe alishaandika siku ya kwanza kabisa, zaidi ya miezi miwili nyuma: mtoto wa mwisho, mwaka na nusu. Akatabasamu. Wazazi wengine hesabu ya miezi huwapiga chenga.

"Na leo mmemwachia nani?"

Mume alikohoa. Mama alikuwa akipapasa lile bega lake, polepole.

"Basi nisikilizeni. Nitakanda mpaka mwaka uishe, lakini akiendelea kulala hapo nitakuwa natwanga maji tu. Baba mtu, umekaa hapo na mabega mapana kama mlango! Mpokee mwenzio. Wiki mbili, mbebe wewe."

Mama alitoa macho. "Hatakubali. Kanizoea mimi."

Mwashi aliiweka kofia sakafuni. Akainuka, akamwinamia mkewe.

"Nipe, mke wangu," alisema. "Nimechoka kukuona hivi."

Mama akafumba macho, machozi yakamchuruzika mpaka kidevuni. Mtaalamu aligeuka akajifanya anapanga mataulo, akidhani ni shingo inayomliza.

Wiki mbili zilipotimia, mwashi alikuja peke yake, asubuhi na mapema.

"Mama anaendeleaje?"

"Sifuri," alisema. "Anageuka huku na huku kama msichana. Anakula, analala fofofo. Jana nimemsikia akiimba jikoni."

Mtaalamu nusura apige makofi. Wiki tisa za kuchemsha mataulo na kuminya misuli, kumbe dawa ilikuwa imeketi pembeni na kofia magotini! Akalichukua daftari aandike ushindi huo, na hapo ndipo alipoona jinsi mwanamume yule alivyosimama. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka, shingo imekakamaa, na macho yalikuwa mekundu ya mtu asiyepata usingizi.

"Na wewe je?"

"Tisa."

Mtaalamu aliangua kicheko. "Kumbe mmezaa jitu! Hebu mleteni nimpime uzito huyo mtoto."

"Taratibu, daktari, ndiyo kwanza amesinzia," mwashi alinong'ona, kiganja chake kikiwa kimekinga hewa tupu juu ya bega. "Tulimzika miaka minne iliyopita."