Mwavuli Mkuukuu

Kwa mara ya nne mwezi ule, Kijiko alisahau mwavuli makusudi. Aliuegemeza ukutani chini ya meza, akamshika mama yake mkono, wakatoka taratibu kama watu walioshiba.

Kijiko lilikuwa jina lake la gazetini. Kila Jumamosi aliandika wapi pa kula na kunywa, mtaa mmoja baada ya mwingine, na kwa miaka tisa hakuna mwenye mgahawa aliyeijua sura yake wala jina lake halisi. Siri ya pili ilikuwa kubwa zaidi: ulimi haukuwa wake. Mama yake alikuwa amepika katika majiko ya watu maisha yake yote, na yeye ndiye aliyeonja na kutoa hukumu. Mama akisema kitunguu kimeungua, Jumamosi mji mzima ulisoma kwamba kitunguu kimeungua.

Siku hizi Mama alionja vizuri kama zamani, ila akimaliza alisahau kama amekula. Mara mbili alitoka nyumbani peke yake akapotea, mpaka jirani akamtengenezea bangili yenye namba ya simu. Mke wa Kijiko, ambaye ndiye aliyefua mashuka na kulala sikio wazi, alikuwa ameacha kulalamika, na kimya hicho kilimtisha Kijiko kuliko malalamiko. Halafu mke akapata kazi ng'ambo. Safari ilikuwa mwisho wa mwezi. Kijiko aliwaambia majirani kwamba dada yake angekuja kumchukua Mama, majirani wakashukuru Mungu.

Kabla ya kuondoka alitaka jambo moja tu: kupata mgahawa mmoja, katika mji mzima, ambao angeuamini bila wasiwasi. Makala yake ya mwisho ingekuwa juu ya huo. Ndipo mwavuli ulipoingia.

Ulikuwa mwavuli wa Mama, mweusi, mpini wa mbao, ubavu mmoja umevunjika. Mkewe alimshauri aache kitu cha maana, saa kwa mfano. Kijiko akakataa.

"Kitu kizuri kila mtu atakitunza," alisema. "Waachie kikuukuu uone."

Kule mlimani, kwenye mgahawa wa vitambaa vyeupe ambako Mama alimsifu samaki, aliukuta kwenye pipa la taka. Mlinzi ndiye aliyemchomolea, tena kwa vidole viwili. Mtaa wa maofisini, ambako kahawa ni nzuri na kila mhudumu ana haraka zake, hakuna aliyekumbuka kuuona, na ulikuwa umelala nyuma ya mlango, wote wakiuruka. Karibu na stesheni mpishi alikuwa ameshaufanya wake, na kidogo wagombane. Kijiko aliyaandika yote daftarini, na hamu ya kula ikamwisha.

Mgahawa wa nne ulikuwa mtaa wa gereji. Meza saba, sakafu ya saruji, redio juu ya friji. Mwenyewe alikuwa mjane mnene ambaye mafundi wote walimwita Shangazi. Mama alionja supu yake, akafumba macho, akasema huyu ana mkono.

Kijiko aliporudi baada ya siku tatu, mwavuli ulikuwa umetundikwa kwenye msumari nyuma ya kaunta. Ulikuwa umekaushwa, na ule ubavu umefungwa kwa uzi. Shangazi hakumpa hivi hivi. Alimtaka kwanza aeleze mpini ulivyo.

"Mwavuli mbovu vile, kwa nini hukuutupa?" Kijiko akauliza.

"Una mwenyewe," Shangazi akasema. "Hata asingerudi, ungekaa tu hapo. Mimi situpi cha mtu."

Kijiko alitoka pale machozi yakimlengalenga. Usiku huohuo aliandika makala, na hakuwahi kuandika nzuri kama ile.

Jumamosi mchana, gazeti likiwa limetoka asubuhi, alimleta Mama, pamoja na mwavuli wake. Mgahawa ulikuwa umefurika na Shangazi hakuelewa wateja wote wale wametoka wapi. Kijiko alichagua meza ya pembeni, karibu na jiko, mbali na mlango wa barabarani. Alimfunga Mama kifungo cha juu cha sweta, akausukuma mkoba wake chini ya kiti. Akamweleza Shangazi kwamba supu isiwe ya moto sana, nyama ikatwe ndogo ndogo, na jioni Mama huona baridi miguuni. Shangazi akasema watoto wa siku hizi hawajui hata mama zao wanakula nini.

Kijiko akaongeza kwamba wanamngoja dada yake, yuko njiani.

Mama akacheka. "Dada gani? Mimi nimezaa huyu tu."

Kijiko alimtazama Shangazi, akagusa kichwa chake kwa kidole. Shangazi akaitikia kwa huruma, akaenda kuleta supu.

Mama aliionja, akaridhika. Alikuwa akijisugua mkono, pale bangili ilipozoea kukaa. Akauliza kama watakuja tena hapa.

"Utakula hapa mpaka uchoke, Mama," Kijiko akasema, naye Mama akafurahi kama mtoto.

Kijiko akainuka. Alisema anakwenda kumwangalia dada yake barabarani, asije akapitiliza. Alikuwa ameshafika mlangoni aliposikia akiitwa.

"Mwanangu! Umesahau tena."

Akageuka. Kule pembeni Mama alikuwa anapuliza supu. Shangazi alikuwa amesimama mbele yake, anacheka, amemnyooshea mwavuli.

Aliupokea, akashukuru, akavuka barabara hadi kwenye teksi. Mkewe alisogeza masanduku kumpa nafasi, akamuuliza kama watu wa pale ni wazuri.

"Wazuri sana," Kijiko akasema, akamwambia dereva awawahishe uwanja wa ndege.