Jioni ya Kabla ya Msiba

Asubuhi ile Saumu alikuwa akipika vitumbua huku kompyuta ya nyumbani ikimrudishia bibi yake akili. Hakuchoka kuistaajabia. Kila jioni, bila kukumbushwa na mtu, ilichukua nakala ya kumbukumbu za bibi, na asubuhi, maradhi yakishafuta majina na nyuso, ilizirudisha zote kama zilivyokuwa.

Bibi akafumbua macho, akanusa hewa.

"We mke mwenzangu, hivyo ni vitumbua au matofali?"

Saumu akacheka hadi kijiko kikamponyoka. Mashine gani hii, inarudisha mpaka utani!

Ila siku dada yake bibi, Tausi, alipofariki, wiki kadhaa nyuma, bibi alilia mpaka akagoma kula. Kabla jioni haijafika, Baba akazima ratiba ya nakala. Tangu hapo kila asubuhi bibi anarudishiwa jioni ya kabla ya msiba, na kila asubuhi anaamka na furaha yake.

"Nipe simu nimchokoze dada."

Saumu alitaka kumwambia. Akamwona anavyotabasamu, akaacha. Akafuta haraka jumbe za bibi kwa Tausi za asubuhi zilizopita, kisha akampa simu.

"Dada Tausi, njoo ule matofali ya mjukuu wangu kabla hayajapoa!" bibi akasema, akatuma.

Akatenga vitumbua viwili, akavifunika kwa sahani, akaiweka simu pembeni.

"Leo kachelewa kujibu."

"Labda bado kalala, bibi," Saumu akasema.

Simu ilikaa kimya, na vitumbua vikapoa chini ya sahani.